Je, padri wa zama za kati alikuwa na orodha ya bei za dhambi?

Msomaji mmoja ameuliza: "Nimesikia kwamba zamani mapadri wa Ulaya walikuwa na kitabu cha kuungamishia kilichopanga kila dhambi na adhabu yake, siku kadhaa za mkate na maji, kama karatasi ya bei ukutani dukani. Je, ni kweli? Padri alikifungua mbele ya mwungamaji? Na kama ndivyo ilivyokuwa, imekuwaje leo mtu anapewa Salamu Maria tatu na mambo yanaisha?"

Ndugu msomaji, ulichosikia ni nusu ya ukweli. Orodha za namna hiyo zilikuwepo na nyingi tunazo hadi leo, lakini ni za kipindi cha kwanza, takriban mwaka 550 hadi 1100. Vitabu vilivyokuja baadaye, hasa baada ya mwaka 1215, ni vitu vingine kabisa. Ukivifungua unakuta adhabu imepewa kurasa chache, na sehemu kubwa inahusu kuuliza: umwulize nani, umwulize nini, uanzie wapi, na wapi ufunge mdomo. Wengi wanaosimulia habari hizi huvitia vyote kapu moja, kisha huchagua adhabu za ajabu ajabu za karne ya 7 na kuzibandika kwa padri wa karne ya 14. Padri huyo angeshangaa.

Neno moja kwanza, maana Kiswahili cha kanisani kinaweza kutupoteza hapa. "Kitubio" kwetu ni sakramenti nzima, na pia ni lile jambo dogo unalopewa kufanya mwishoni. Ndiyo maana kwenye sala ya kutubu Wakatoliki husema "nitafanya kitubio". Wanateolojia wa zama za kati walitenganisha mambo matatu: majuto ya moyo, maungamo ya kinywa, na malipizi ya matendo. Malipizi yenyewe yalikuwa ya aina tatu, sala, kufunga na sadaka. Kwa hiyo hapa nitaiita adhabu "malipizi", tusije tukachanganya.

Orodha za kwanza zilitoka Ireland, kwenye monasteri. Katika Kanisa la kale toba ya dhambi kubwa ilifanyika hadharani chini ya askofu, na kwa kawaida mtu aliruhusiwa kuifanya mara moja tu maishani, hivyo wengi waliiahirisha hadi walipokuwa mahututi. Watawa wa Ireland walikuwa na desturi yao: mtawa alimweleza mkubwa wake makosa yake faraghani, akapewa la kufanya, na akianguka tena alirudi tena. Desturi hiyo ilipovuka kuta za monasteri na kuwafikia walei, yaani waamini wa kawaida, mapadri walihitaji kipimo cha kufuata. Hapo ndipo vilipotokea vitabu vya Finnian, Columbanus na Cummean, karne ya 6 na ya 7. Mantiki yao ni ya tabibu: ugonjwa hutibiwa kwa kinyume chake. Columbanus anasema mropokaji ahukumiwe kunyamaza, mlafi kufunga, mpenda usingizi kukesha.

Tuangalie kifungu kimoja kwa karibu. Theodore, mzaliwa wa Tarso, alikuwa askofu mkuu wa Canterbury kuanzia 668 hadi 690, na maamuzi yake juu ya toba yalikusanywa na watu wengine kwa jina lake. Kifungu cha kwanza ni cha ulevi. Mlei aliyelewa mpaka akatapika, siku 15. Mtawa, siku 30. Padri au shemasi, siku 40. Askofu ambaye ulevi umekuwa mazoea yake, aache au avuliwe cheo. Halafu linakuja sharti: kama mtu alikuwa mgonjwa, au alikuwa amekaa muda mrefu bila kunywa na hana mazoea ya kunywa sana, au alikunywa kwa furaha ya Noeli, Pasaka au sikukuu ya mtakatifu na hakuzidisha kipimo kilichowekwa na wakubwa, hana kosa. Umeona? Tendo ni lilelile, matapishi ni yaleyale, lakini hukumu ni tano tofauti. Hata orodha ya bei ilimtaka padri ajue aliyepiga magoti mbele yake ni nani na alikunywa katika hali gani.

Orodha hizi ziliharibikia kwenye hesabu. Malipizi ya dhambi kubwa yalikuwa ya miaka, mara nyingi 7. Mwenye dhambi tano za namna hiyo anadaiwa miaka 35, na huenda ana umri wa miaka 50. Ikabidi zitafutwe njia za kubadilisha: zaburi kadhaa badala ya siku ya kufunga, kupiga magoti mara kadhaa, sadaka ya fedha. Na mlango ukishafunguliwa, tajiri hupita na mizigo yake. Mwongozo mmoja wa Uingereza wa takriban mwaka 1000 unampa mtu mkubwa njia ya kumaliza miaka 7 kwa siku tatu. Atafute watu 12 wafunge siku tatu kwa mkate, mboga za majani na maji. Kisha atafute watu 120 mara saba, nao wafunge siku tatu kila mmoja. Piga hesabu: 12 mara 3 ni 36, na 840 mara 3 ni 2,520. Jumla 2,556, ambazo ndizo siku za miaka 7 ukihesabu na ile siku ya ziada ya mwaka mrefu. Mwandishi alikaa na kalamu yake akahakikisha hesabu inatimia. Ni haki kusema kwamba yule mkubwa naye alitakiwa kuweka silaha chini, kutembea pekupeku na kuwalisha maskini. Hata hivyo kila aliyesoma alielewa kwamba maskini hana rafiki 852 wa kumfungia.

Maaskofu waliona tatizo mapema. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Chalon mwaka 813 ulivikataa vitabu hivi kwa maneno makali, kwamba makosa yake yanajulikana na waandishi wake hawajulikani. Mtaguso wa Paris mwaka 829 uliwaagiza maaskofu wavisake na kuvichoma moto. Havikuisha. Padri wa kijijini alihitaji kitu mkononi, na kilichokuwepo kilikuwa hicho.

Anayesimama kwenye njia panda kati ya enzi hizo mbili ni Burchard, askofu wa Worms huko Ujerumani kuanzia mwaka 1000 hadi 1025. Alikusanya sheria za Kanisa katika vitabu 20, na cha 19 akakiita "Msahihishaji" au "Tabibu". Kinaanza kwa kumwagiza padri awaite watu wake wiki moja kabla ya Kwaresima, apatanishe wagombanao, kisha awaungamishe. Baada ya hapo yanafuata maswali karibu 200: "Je, umefanya hivi? Kama umefanya, siku kadhaa za mkate na maji." Moja linauliza kama mtu ametengeneza pinde ndogo na viatu vya kitoto akavitupa ghalani ili vijipepo vya nyumbani vichezee, vimletee mali ya jirani. Adhabu ni siku 10. Wanahistoria wa ushirikina wanakipenda sana kitabu hiki, na wana haki. Kwa padri kilikuwa na hatari yake: mtu anakuja na dhambi mbili, anaulizwa mia mbili, anarudi nyumbani amejifunza mambo ambayo hajawahi kuyawaza. Hofu hiyo ya kufundisha dhambi kwa kuiuliza ndiyo inayotawala vitabu vya enzi iliyofuata.

Enzi hiyo inaanza rasmi Novemba 1215, kwenye Mtaguso wa Nne wa Laterano chini ya Papa Innocent III. Kanuni ya 21 inasema kila mwamini, mwanamume kwa mwanamke, akishafikia umri wa kupambanua, aungame dhambi zake zote walau mara moja kwa mwaka kwa padri wake mwenyewe, na apokee Ekaristi walau wakati wa Pasaka. Asiyetii azuiwe kuingia kanisani akiwa hai, na akifa asizikwe Kikristo. Kama umekariri Amri za Kanisa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, iwe Bagamoyo au Bukavu, basi umekariri matunda ya kanuni hiyo: "ungama dhambi zako walau mara moja kila mwaka" ni sauti ya mwaka 1215.

Watu huikumbuka nusu ya kwanza ya kanuni na kuisahau ya pili, inayomhusu padri. Awe na busara na hadhari. Afanye kama tabibu hodari, amimine divai na mafuta kwenye majeraha. Achunguze kwa makini hali ya mkosaji na mazingira ya kosa ndipo aamue dawa ipi inafaa. Na akimfichua mwungamaji kwa neno, kwa ishara au kwa namna yoyote, avuliwe upadri na kufungiwa kwenye monasteri kali afanye toba maisha yake yote. Ghafla kila paroko, akiwemo yule ambaye Kilatini chake kiliishia kwenye Misa, alikuwa amepewa kazi ya uhakimu na utabibu kwa parokia nzima. Vitabu vikaandikwa kwa wingi kwa sababu hiyo.

Vingine vilikuwa vimeshaanza Paris miaka michache kabla. Robert wa Flamborough, mwungamishi katika abasia ya Mt. Victor, aliandika chake kwa mtindo wa mazungumzo kati ya padri na mwungamaji, ili padri asikie jinsi swali linavyotoka mdomoni. Bado aliishikilia miaka ya malipizi ya zamani. Thomas wa Chobham wa Salisbury, aliyemaliza chake takriban mwaka 1216, tayari anaelekea kwingine. Kisha akaja Mdominiko (mtawa wa shirika la Mt. Dominiko) wa Barcelona, Raymond wa Penyafort, mwanasheria hasa, ambaye Papa Gregory IX alimkabidhi kukusanya sheria za Kanisa zilizotangazwa mwaka 1234. Muhtasari wake wa kesi za toba, alioupitia upya baada ya kazi hiyo, ulikuwa msingi wa karibu kila kitabu kilichofuata. Mwishoni mwa karne hiyo, takriban 1298, Yohane wa Freiburg, Mdominiko mwingine, aliuchukua akautanua kuwa kitabu kikubwa, na pembeni akaandika kijitabu kifupi cha maswali kwa kila kundi la watu: hakimu, wakili, tabibu, mfanyabiashara, fundi, mtumishi, mkulima. Mkulima asiulizwe dhambi za hakimu.

Sasa tuingie ndani ya kanisa tuone maungamo yenyewe. Kwanza ondoa kichwani ile picha ya kizimba chenye wavu. Kizimba ni mambo ya karne ya 16, kilichoenezwa hasa na Carlo Borromeo, askofu mkuu wa Milano. Padri wa zama za kati alikaa kwenye kiti mahali pa wazi kanisani, pote panapoonekana na pasiposikika, na mwungamaji alipiga magoti mbele yake au ubavuni pake. Watu waliona nani anaungama. Hawakusikia anachosema.

Anayetueleza vizuri zaidi jinsi ya kukaa ni John Mirk, kanoni (padri aishiye kitawa) wa abasia ya Lilleshall magharibi mwa Uingereza, aliyeandika takriban mwaka 1400 kwa beti za Kiingereza, mistari zaidi ya 1,900, kwa ajili ya mapadri wasio na Kilatini cha kutosha. Mwanamke akija kuungama, vuta kofia yako ishuke juu ya macho, usimtazame. Kaa kimya kama jiwe. Usiteme mate. Usikohoe kusudi, wala usisokote miguu. Sababu yake ni nzuri: asije akadhani unachukizwa na anachosema, akaishia katikati na kubaki na dhambi kubwa tumboni. Ukiniuliza, mistari hiyo michache ina hekima kuliko miaka 7 ya mkate na maji.

Swali la kwanza la Mirk si juu ya dhambi. Ni: wewe ni wa parokia yangu? Kanuni ilisema "padri wake mwenyewe", na wa parokia nyingine alihitaji ruhusa ya paroko wake. Kulikuwa na nafasi za kupita: msafiri, mtu aliye katika hatari ya kufa, na yule ambaye paroko wake ametoa siri au ndiye aliyetenda naye dhambi. Baada ya hapo anamwuliza kama anajua Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki. Kama hajui, malipizi yake yawe ya kumfanya ajifunze. Maungamo ya Kwaresima yalikuwa pia mtihani wa katekisimu wa mwaka, mtu mmoja mmoja.

Kisha padri anyamaze. Miongozo mingi inakubaliana kwamba mwungamaji aachwe aseme mwenyewe kwanza, na maswali yaje pale anapokwama. Hapo padri alikuwa na njia za kupita, na hapa ndipo kukariri kuliposaidia. Amri Kumi. Mizizi saba ya dhambi, iliyokaririwa kwa neno SALIGIA, herufi za kwanza za majina ya Kilatini: kiburi, uchoyo, uzinzi, hasira, ulafi, kijicho, uvivu. Milango mitano ya fahamu. Matendo ya huruma, kwa maana kutomlisha mwenye njaa nako ni kosa. Aliyepita njia zote hizo kwa kila mtu angemaliza Kwaresima na watu kumi, kwa hiyo padri mwerevu alichagua njia moja au mbili kulingana na aliyekaa mbele yake. Tatizo la muda lilikuwa kweli. Watu walijazana Wiki Takatifu kama wanavyojazana leo, na ndio moja ya sababu Wadominiko na Wafransisko walikaribishwa kuungamisha, na maparoko wakanung'unika, mpaka Papa Boniface VIII mwaka 1300 akaweka utaratibu wa watawa hao kupata ruhusa ya askofu.

Dhambi ikishatajwa yanakuja mazingira, na hapa ndipo ujuzi wa mwungamishi ulipopimwa. Mstari wa Kilatini uliokaririwa kila mahali ni huu: *quis, quid, ubi, per quos, quotiens, cur, quomodo, quando*. Nani, nini, wapi, kwa kutumia akina nani, mara ngapi, kwa nini, vipi, lini. Chukua mtu anayesema "niliiba". Aliiba wapi? Kama ni kikombe cha Misa kutoka kanisani, si wizi tu tena, ni kufuru. Aliiba kwa nini? Mwenye njaa aliyechukua mkate hayuko sawa na aliyechukua ili auze. Mara ngapi? Mara moja ni kuteleza, kila mwezi ni tabia, na tabia hutibiwa kwa dawa nyingine. Nani? Mlinzi wa ghala amevunja na uaminifu juu yake. Mazingira yanaweza kubadilisha jina la dhambi au uzito wake tu, na padri alipaswa kujua lipi linafanya lipi.

"Per quos" lilikuwa mtego. Padri alitakiwa kujua kama mwenzake katika zinaa alikuwa mke wa mtu, ndugu wa damu au mtawa, maana kila moja ni dhambi ya aina yake. Lakini hakutakiwa kuuliza jina, na mwungamaji hakutakiwa kulitaja. Katika kijiji cha nyumba 40 hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Kuhusu mambo ya kitandani kwa jumla kanuni ilikuwa hii: ya kawaida uliza waziwazi, yasiyo ya kawaida yakaribie kwa mbali, kwa maneno ambayo aliyeyatenda ataelewa na asiyeyajua ataondoka asiyajue. Akikataa swali la kwanza, usiende la pili.

Sehemu ambayo wasomaji wa leo huiruka, na ambayo waandishi wa wakati ule waliipa kurasa nyingi kuliko malipizi, ni kurudisha mali. Msemo wa Mt. Augustino ulirudiwa kila kitabu: dhambi haisamehewi mpaka kilichochukuliwa kirudishwe. Mfano, mfanyabiashara anaungama kwamba ametumia mizani ya uongo miaka 10. Kumpa zaburi si kazi iliyokwisha. Kwanza mizani hiyo iondoke dukani. Pili, akadirie amewaibia kiasi gani. Tatu, wanaojulikana warudishiwe wenyewe, waliokufa warudishiwe warithi wao. Nne, wasiojulikana, kama wasafiri waliopita sokoni, fungu lao lipewe maskini. Hawezi kuanzia la nne. Kuchukua fedha ya jirani anayejulikana na kununulia kengele ya kanisa si kurudisha, ni kutoa sadaka kwa mfuko wa mwingine. Asiye na uwezo wa kulipa leo aweke nia ya kweli ya kulipa akipata. Na mwizi ambaye hajulikani halazimiki kujitangaza: fedha inaweza kupita kwa padri, ikafika kwa mwenyewe bila jina.

Mkopeshaji wa riba ndiye aliyewatoa jasho. Mtaguso wa Tatu wa Laterano wa mwaka 1179 ulishawanyima wakopeshaji riba wanaojulikana maziko ya Kikristo, na kurudisha riba yote kulimaanisha kufilisika. Thomas wa Chobham anatoa ushauri ambao hauko kwenye sheria yoyote: tumia mke. Hakuna padri, anasema, awezaye kulainisha moyo wa mume kama mkewe, basi mke na aseme naye hata chumbani, katikati ya kukumbatiana, awahurumie maskini. Thomas huyohuyo hakuogopa kuuliza kama kahaba arudishe malipo yake. Jibu lake: tendo ni ovu, lakini malipo aliyopata anaweza kukaa nayo, isipokuwa kama alijipaka na kujitia manukato akaonekana mrembo kuliko alivyo, hapo ile ziada ameipata kwa udanganyifu, kama muuzaji aliyepaka rangi bidhaa mbovu. Unaweza kucheka, ila ni mantiki ileile ya mizani.

Kulikuwa pia na dhambi ambazo paroko hakuwa na mamlaka ya kuziondolea, na kukosea hapa kulikuwa kosa la kawaida la padri asiyesoma. Aliyempiga padri au mtawa kwa ukatili alikuwa ametengwa na Kanisa papo hapo, kwa sheria ya Laterano ya Pili ya mwaka 1139, na wa kumfungua alikuwa Papa. Vitabu vikaorodhesha walioondolewa safari hiyo ya Roma, wakiwemo wanawake, watoto na wagonjwa, wanaoweza kufunguliwa na askofu. Mbele ya kifo vizuizi hivyo vilianguka, padri yeyote aliweza.

Sasa malipizi, na swali lako la Salamu Maria tatu. Katika karne ya 12 wanateolojia walibishana sana ni nini hasa kinachofuta dhambi, na uzito ukaelekea kwenye majuto na kwenye maneno ya padri ya kuondolea. Malipizi yalibaki kulipa deni lililosalia, na ambalo halikulipwa duniani lingelipwa toharani, yaani katika utakaso baada ya kifo. Miaka 7 ya zamani haikufutwa, iliendelea kuandikwa, na baadhi ya waandishi walitaka padri amsomee mwungamaji ajue alistahili nini, kisha ampe kile anachoweza. Mirk analisema kwa ukavu wa mkulima: ni heri kumpeleka mtu toharani kwa malipizi madogo kuliko kumtumbukiza motoni kwa makubwa mno. Mtu aliyepewa mzigo asioubeba ataacha njiani, hatarudi mwaka ujao, na kanuni ya 1215 itakuwa imeshindwa kwake. Hivyo Baba Yetu na Salamu Maria kama malipizi si uzembe wa siku hizi, zilikuwepo tayari wakati wa Mirk. (Salamu Maria yake ilikuwa fupi kuliko yako, nusu ya pili, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu", ilipata umbo lake rasmi karne ya 16.)

Makosa mawili ya kutoa malipizi yalikemewa sana. La kwanza ni kuivunja siri kwa mlango wa nyuma. Ukimpa mke aliyezini mfungo wa Ijumaa zote kwa mwaka, mumewe atauliza amefanya nini, nawe umemfichua bila kusema neno. Dhambi ya siri ipewe malipizi yasiyoonekana. Ya hadharani, iliyowakwaza watu, ilipwe hadharani. La pili ni la tamaa: kumwamuru mtu agharimie Misa kadhaa, kisha padri huyohuyo azisome na kupokea fedha. Maaskofu walipiga marufuku jambo hilo tena na tena, nawe unajua sheria inayorudiwa mara nyingi inakuambia nini.

Je, padri alifungua kitabu mbele ya mtu? Inategemea kitabu. Ule muhtasari mkubwa wa Yohane wa Freiburg ni wa kabati, wa mwalimu anayejibu mapadri wenye kesi ngumu. Bartolomeo wa San Concordio, Mdominiko wa Pisa, alipouona mzigo huo aliupanga upya mwaka 1338 kwa alfabeti, ili padri aliyekwama kwenye "mkopo" aende moja kwa moja kwenye mkopo. Mpangilio huo ndio ulioshinda, hadi kwa Angelo Carletti wa Chivasso, Mfransisko, aliyechapishwa kwa mashine mwaka 1486. Kitabu chake kilisambaa kiasi kwamba Martin Luther alipowasha moto wake Wittenberg tarehe 10 Desemba 1520, kilikuwa kati ya vilivyotupwa humo pamoja na sheria za Papa. Paroko wa kawaida hakuwa na fedha ya vitabu hivyo. Alikuwa na kijitabu kama cha Guido wa Monte Rochen, Mhispania wa miaka ya 1330, ambacho jina lake maana yake ni konzi ya maparoko, kiasi cha kushikwa kwa mkono mmoja. Au alikuwa na beti za Mirk, alizozikariri usiku, na siku ya maungamo alikuja na kofia yake tu.